Mpaka wa Masale

Siku ya kuniaga, vijana wa kituo changu cha mwisho walinipa kitenge na saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ana mahali pa kuwahi. Tulipokuwa tunakunywa soda, konstebo mmoja mwenye mdomo mwepesi akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama Mwanaidi, wanasiasa hawaishi kubishana. Chama hiki kinasema kuzuia uhalifu ni kazi ya wananchi wenyewe, kile kinasema ni kazi ya polisi. Wewe uliyekula chumvi nyingi unasemaje?" Nikamwambia aniache nimalize soda. Sikutaka kulia mbele ya keki.

Haya, mdogo wangu, jibu lako ndilo hili, na ni refu. Vyeo vyangu sitavitaja maana nimevirudisha pamoja na sare. Nitakusimulia kijiji kimoja cha Rungwe, njia ya kuteremkia Kisiba. Jina lake naliacha, kwa sababu nitakaowataja wana watoto na wajukuu wanaojua kusoma.

Mimi ni mtoto wa Kondoa, nchi ya vumbi. Nilipotoka depo, chuo cha polisi, nikapangiwa huko, nikashuka Tukuyu stendi mvua inamwagika. Nikajibanza kwenye kibaraza nikisubiri ikatike. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akanitazama na begi langu, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwanangu, ukisubiri mvua ya hapa ikatike, utazeekea hapo hapo uliposimama." Nikatoka. Kabla sijafika kituoni nilikuwa nimeshaanguka kwenye utelezi, sare mpya yote tope, na watoto wa shule wakanisaidia kuokota kofia huku wakiniamkia kwa adabu zote. Ndivyo nilivyoripoti kazini.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya bati. Mkubwa wangu aliitwa Sajini Ndunguru, mtu wa Songea, mrefu, mwembamba, asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Alinitazama tope zile, akanipa kitambaa, akasema, "Karibu. Nani amefariki?" Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe ndilo lilikuwa swali lake la kila asubuhi, kwa kila mtu aliyepita pale: muuza maziwa, mwalimu, mchungaji. Nani amefariki, na anazikwa lini?

Nilichukua muda kuelewa. Wanyakyusa na msiba, jamani! Huko mtu akikosa harusi ya mwanawe atasamehewa, lakini akikosa msiba wa jirani ataulizwa mpaka naye azikwe. Siku ya maziko kijiji chote huhamia kwa mfiwa, wanawake na vyungu vyao, wanaume na majembe yao, na nyumba zinabaki na kuku. Sasa mwizi naye ana akili. "Mwizi wa huku hasubiri giza," Sajini aliniambia. "Husubiri kengele ya kanisa."

Basi kazi yetu kubwa ya kuzuia uhalifu, ambayo depo hawakunifundisha hata ukurasa mmoja, ilikuwa misiba. Jioni ya kuamkia maziko, Sajini alikwenda kwa wafiwa, akatoa pole, halafu akakaa na wazee wapange nani watabaki kulinda miji, maana kule kila ua na nyumba zake huitwa mji. Anayebaki anazunguka migombani, anapita ua hadi ua, anachungulia mazizi. Mgambo walibaki, Wakristo wa kwaya walibaki, hata Mzee Salum mwenye duka, Mwislamu kama mimi, alibaki. Sisi tulizunguka juu na chini na filimbi zetu, virungu, na mwavuli. Ukiniuliza silaha gani imenifaa kuliko zote, ni mwavuli.

Sikumbuki kesi hata moja ya maana tuliyoipeleka mahakamani kutokana na kazi ile. Na ndiyo raha yake. Wizi usiotokea hauna jalada, wala hakuna atakayekupongeza.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka ya Bulyaga na Msasani pale Tukuyu yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, mitumba ikamwagwa mpaka barabarani, na kila mtu akawa mfanyabiashara. Lakini kiwanda cha chai kilipunguza watu, na vijana waliokuwa na kazi wakarudi kukaa kwenye magogo wakipiga soga. Ng'ombe wa maziwa wakaanza kuibwa. Walichinjwa porini, nyama ikapanda gari. Nawe ujue, kwa mama wa kule ng'ombe mmoja wa maziwa ni ada ya shule, ni mbolea ya migomba, ni chumvi na sabuni.

Juu ya hayo, vyama vikawa vingi.

Kijijini petu vyama vilikuwa watu wawili. Wa kwanza Mzee Asajile, mwenyekiti wa tawi la chama tawala, mkulima wa chai, mtu wa sauti kubwa na mkono mpana. Wa pili Lugano, aliyekuwa msimamizi kiwandani mpaka alipopunguzwa, akaenda nyumbani na hasira zake akafungua tawi la upinzani. Wote wawili waliimba besi kwenye kwaya moja. Jumapili wanasimama bega kwa bega wakimsifu Mungu, Jumatatu hawasalimiani. Nilikuwa nacheka nikiwaona. Sikujua nacheka nini.

Ugomvi wao wenyewe ulianza msibani. Mgambo mmoja aliyeachwa kulinda aliingia ua wa Lugano, akakagua zizi vizuri kabisa, halafu akaishusha bendera ya upinzani iliyokuwa kwenye mwanzi mlangoni, akaenda nayo. Lugano alirudi kutoka mazikoni akakuta mwanzi mtupu. Nakwambia siku ile nusura tuzike mwingine.

Kukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Lugano alisimama akiwa ameshika ule mwanzi kama fimbo ya kichungaji.

"Mgambo ni watu wa chama," alisema. "Akiingia kwangu hatazami ng'ombe, anatazama wageni wangu ni akina nani. Kuzuia wizi ni kazi ya polisi. Kodi tunalipa, polisi walinde. Mgambo asivuke masale yangu tena."

Masale ni ile miti ya majani marefu wanayopanda kuwa mpaka kati ya mji na mji. Mpaka wa masale huheshimiwa kule kuliko ukuta.

Mzee Asajile akasimama bila kupewa nafasi. "Polisi wenyewe wawili! Mmoja mwanamke, mwingine Mngoni! Watazuia nini hao? Samahani, afande."

"Endelea tu, Mzee," Sajini akasema.

"Ulinzi ni wa wananchi. Tumeulinda kijiji hiki tangu uhuru, leo tunaitwa wezi wa bendera! Sawa. Hatuvuki. Na wakiibiwa wasituite."

Watu wakashangilia, wa huku na wa kule. Nielewe, kila mmoja alikuwa na neno la kweli. Bendera iliibwa kweli na mgambo. Na sisi kweli tulikuwa wawili. Ukichukua kweli mbili ukazigombanisha, basi huna wa kumlaumu.

Siku za kampeni zilikuwa zinakaribia, na Sajini aliogopa damu. Alizunguka kati ya nyumba zile mbili mpaka viatu vikaachama. Mwisho akaleta makubaliano, akayasema hadharani: kila upande ulinde miji yake. Mgambo asivuke masale ya wapinzani, na walinzi wa wapinzani wasivuke ya wale. Ukisikia hatari upande wa pili, piga filimbi, subiri polisi. Wazee wakapeana mikono. Watu wakapiga makofi. Sajini alirudi kituoni akiimba, na sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Na yalifanya kazi, nisiseme uongo. Kampeni zilipita pale bila jiwe kurushwa, wakati tulisikia kwingine watu wamevunjana vichwa. Wakubwa wa mbali walimsifu Sajini. Mimi mwenyewe niliamini tumepata dawa.

Sasa nikutajie watu wawili wa mwisho. Mzee Ambakisye alikuwa baba yake Lugano. Alikaa katika kijumba chake ndani ya ua wa mwanawe, miguu imemwisha, anatembelea fimbo. Ila mwanawe kuwa mpinzani hakukumhusu; yeye alikuwa na kadi ya chama tawala tangu enzi za uhuru, na alikuwa anamtania Lugano waziwazi: "Umenizidi kusoma tu, akili bado." Kazi yake ilikuwa useremala. Na mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote alikuwa Lusekelo, jirani yao wa masale, mtu mzima mwenye mke na watoto, mpole, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Lusekelo alikuwa mgambo.

Kila asubuhi yule mzee alipaza sauti juu ya masale: "Gwe Lusekelo, wewe! Umeamka au unalelewa?" Na Lusekelo alijibu kutoka upande wa pili, na wote wakacheka. Hata baada ya makubaliano waliendelea hivyo, kwa sauti, kila mtu kwake. Lusekelo alikuwa ameacha kuvuka.

Siku yenyewe alizikwa bibi mmoja wa kanisani, mtu wa watu, na pande zote mbili zilijaa kwa mfiwa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Udongo wa kule ukilowa hauna uaminifu, na kabla ya jeneza kushuka upande mmoja wa kaburi ukaporomoka. Wakaitwa wanaume zaidi wenye majembe. Mlinzi wa upande wa kina Lugano alisikia akaona aibu kukaa wenzake wakihangaika, akashuka kwenda kuchimba. Sajini alikuwa huko chini, kando ya kaburi. Mimi nilikuwa juu, kwenye mashamba ya chai. Karibu na ua wa Lugano alibaki Lusekelo peke yake, upande wake wa masale.

Nilisikia filimbi. Haikukatika. Nikatupa mwavuli nikateremka mbio, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, na filimbi inalia tu. Nikawa najisemea moyoni, huyu mtu anapumua saa ngapi?

Nilimkuta amesimama kwenye masale, filimbi mdomoni, machozi na mvua havitofautiani. Vidole vya miguu vilikuwa kwenye mpaka kabisa. Nikampita bila kumuuliza.

Mzee Ambakisye alikuwa amelala uani kwenye tope, na kipande cha kamba ya ng'ombe kimekatwa kimebaki mkononi mwake. Ng'ombe hayupo. Wezi walipoingia zizini yule mzee alitoka na fimbo yake akaikumbatia kamba. Wakamvuta na ng'ombe, wakamsukuma, akaangukia jiwe la kunolea. Nikampakata kichwa. Damu haikuwa nyingi, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Nilimwita," akaniambia. "Gwe mwanangu, nilimwita kwa jina lake. Akanitazama."

"Pumzika, baba. Usiseme."

"Amekasirika nini na mimi?"

Nilikuwa askari wa miaka kadhaa, nimeshaona maiti za ajali na za kupigana, lakini swali lile sikuwa na pa kulipeleka. Nikageuka nikamfokea Lusekelo kwa sauti ambayo mama yangu asingeitambua. "Walikuwa wangapi?"

"Wawili, afande."

"Wewe una panga! Mbona hukuingia?"

Akatoa filimbi mdomoni. "Makubaliano, afande," akasema. "Mwenyekiti alisema atakayevuka atakuwa ameanzisha vita. Nikasema ninyi mnakuja. Nikasema mnakuja sasa hivi."

Lugano akafika mbio kutoka mazikoni, tukampakia mzee kwenye pikapu ya majani mabichi ya chai, juu ya magunia, tukaelekea Tukuyu. Alifariki njiani, mkono wake ndani ya mkono wa mwanawe. Lugano hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Nilitaka polisi, nimepata polisi." Sijui kama alinitukana au alijitukana. Mpaka leo sijui.

Wezi walikamatwa baadaye na wenzetu wa mbali, na ng'ombe akapatikana amefungwa kwenye mianzi, mzima wa afya. Walikuwa watu wa kupita. Hawakuwa wa chama chochote, na nina hakika hata kura hawakupiga.

Unadhani kifo kile kiliwanyamazisha wakubwa? Kabla tanga halijaanza, Mzee Asajile alikuwa keshasema barazani kwamba yameonekana, polisi hawawezi kuzuia kitu, ulinzi urudi kwa mgambo. Watu wa Lugano nao wakasema yameonekana, mgambo wametazama mzee akiuawa, mgambo wavunjwe. Maiti moja, na kila upande umekata kipande chake. Niliwachukia. Naandika hivi kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kunihamisha: niliwachukia wote, na nilikuwa nawapigia saluti.

Sajini Ndunguru aliketi mezani kituoni, mikono juu ya meza. Asubuhi watu walipita, muuza maziwa, mwalimu, mchungaji, wakamsalimia, naye akaitikia akaishia hapo. Swali lake hakuliuliza tena, siku ile wala mpaka alipoondoka pale. Nilimwambia, "Afande, uliwazuia wasiuane." Akanijibu, "Ndiyo, Mwanaidi. Niliwafundisha kusimama." Nikatoka nje nikalie.

Kule mtu huzikwa nyumbani kwake, uani, kando ya migomba. Kwa hiyo Mzee Ambakisye alizikwa ndani ya masale yale yale. Chama tawala kilileta bendera ya kumfunika muasisi wao, Lugano akakataa, yakaanza maneno, na ni mke wa Lugano, Tumpale, aliyeingia katikati akawafokea wanaume wote. "Mwe bandu, enyi watu, mwacheni baba azikwe! Alipokuwa anaita mlikuwa wapi na bendera zenu?" Mzee akazikwa na shuka lake.

Lusekelo alikuja wa mwisho. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Alisimama nje ya masale kwa muda, jembe begani, watu wakimtazama. Kisha akayatenganisha majani kwa mikono, akavuka. Hakupita mlangoni. Akaja moja kwa moja hadi kaburini, akaanza kufukia.

Nikueleze desturi yao. Kule wanaume hupokezana kufukia kaburi. Ukichota kidogo, mwenzako anakugusa bega, unampa jembe, unapumzika. Ni adabu, na ni njia ya kusema mzigo huu ni wetu sote. Siku ile hakuna aliyemgusa bega. Watu wa Lugano walisimama upande huu, watu wa Asajile upande ule, mgambo wenzake wakiwemo, wote mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi, kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana. Mvua ikaanza tena. Alichota udongo, akachota, mgongo unapanda na kushuka, anahema kwa sauti, mikono imeanza kuchubuka, na kwaya haikujua iimbe nini.

Nilikuwa miongoni mwa wanawake. Nilimwona Sajini Ndunguru akivua kofia ya kazi, akamkabidhi mtu, akapita katikati ya pande zile mbili mpaka kaburini. Akamgusa bega. Akanyoosha mkono apewe jembe.

Lusekelo hakuinua kichwa.

"Niache, afande," akasema. "Leo nimeingia."

Akaendelea kufukia peke yake mpaka udongo ukaisha.